Pumzi Iliyochelewa Kupanda Rungwe

Mwishoni mwa Mei 1916 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wa Jenerali Mwingereza Edward Northey waliingia Neu-Langenburg, mji wa boma ambao leo unaitwa Tukuyu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuacha. Nyuma ya askari walifuata wapagazi waliobeba unga, risasi na mahema, wakapanda na kushuka milima katika baridi ya Juni, ile ambayo hata mwenyeji wa Rungwe huikabili kwa koti zito. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara na nimonia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini London, Cortlandt MacMahon alichapisha maelekezo yake katika jarida la The Lancet. Huyu alikuwa mwalimu wa upumuaji na usemi katika hospitali ya St Bartholomew's, na aliandika kuhusu mazoezi ya kupumua kwa askari waliojeruhiwa mapafu, utando wa mapafu na kiwambo. Alitaka mapafu yaliyosinyaa yafunguke tena, mbavu zilizokakamaa zicheze, na mwanajeshi arudi kutembea bila kutweta. Dawa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe na mtu wa kumwelekeza namna ya kuitumia.

Kutoka andiko hilo la 1915 hadi Afrika Mashariki ilipochapisha ushahidi wake yenyewe kwamba mazoezi yanamsaidia mtu aliyeharibika mapafu, ilipita miaka mia moja na miwili. Ushahidi huo ulitoka Kampala mwaka 2017. Kati ya tarehe hizo mbili, watu wa Tukuyu walipata sababu nyingi za kuuhitaji.

Sababu ya kwanza ni mahali penyewe. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Hapo oksijeni inayoingia kwa pumzi moja imepungua kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na Dar es Salaam. Mtu mzima wa afya hata hahisi. Lakini aliyepoteza sehemu ya mapafu hana akiba, na ile moja ya sita anaiona kila anapopanda kutoka mtoni na ndoo. Mvua nayo inapita milimita 2,000 kwa mwaka, baridi na ukungu vinawafungia watu ndani, na ndani kuna jiko la kuni. Migomba, chai, viazi na maparachichi vinaipenda hali hiyo ya hewa. Kifua hakiipendi.

Sababu ya pili ilikuwa mbali na nyumbani. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri wachimbaji kutoka kaskazini ya latitudo nyuzi 22 kusini, kwa kuwa watu wa nchi za joto walikuwa wakifa kwa nimonia katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand kwa kiwango ambacho hata wenye migodi hawakuweza kukificha. Almroth Wright alikuwa ameletwa kutoka London mwaka 1911 kujaribu chanjo ya nimonia, na William Gorgas, daktari wa Mfereji wa Panama, akaitwa baadaye kushauri juu ya mabweni na msongamano. Marufuku ikalegezwa miaka ya 1930, dhahabu ilipopanda bei na migodi ikataka mikono zaidi.

Baada ya hapo Wenela ilifika. Ndivyo watu wa kusini mwa Tanganyika walivyolitamka jina la chama cha kuajiri wachimbaji, WNLA. Vijana wa Kinyakyusa walikuwa wamekwisha kuzoea safari za kutafuta fedha ya kodi na mahari: walikwenda mashapo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, na wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wenela iliwafikisha mbali zaidi. Walirudi na baiskeli, mablanketi, cherehani na suti. Baadhi walirudi pia na vumbi la mwamba ndani ya mapafu.

Vumbi hilo lina tabia mbaya kuliko maradhi mengi. Chembe za silika zikishakaa ndani ya pafu hazitoki, na kovu linaendelea kukua hata baada ya mchimbaji kuacha kazi na kurudi kwenye migomba yake. Tena pafu lenye silika ni nyumba iliyoachwa mlango wazi kwa kifua kikuu. Baada ya Uhuru wa 1961 Tanganyika ilisitisha upelekaji wa watu kwenye migodi ya Afrika Kusini, kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi, si kwa sababu ya vumbi. Uamuzi ulikuwa wa heshima. Lakini mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji wenye ugonjwa wa silika na kifua kikuu, yaliwahusu waliofanya kazi kati ya 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Wengi wa kizazi cha Wenela cha Rungwe walikuwa wamekwisha kuacha migodi kabla ya tarehe ya kwanza ya hesabu hiyo.

Vumbi la karibu zaidi lilikuja baadaye. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, upande wa kuelekea Ileje na Kyela, ulianza uchimbaji mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtafiti Simon Mamuya, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, alipima vumbi walilolivuta wafanyakazi wa mgodi huo wa kazi za mikono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006 na 2007. Kundi lililokuwa likipasua njia mpya ndani ya mwamba ndilo lililovuta vumbi na silika kwa wingi zaidi, na kadiri mtu alivyokuwa amevuta vumbi kwa miaka mingi ndivyo njia zake za hewa zilivyoonyesha kubana. Rungwe haikuhitaji tena kusafiri na Wenela ili ipate ugonjwa wa mchimbaji.

Hata hivyo, mwuaji mkubwa wa mapafu katika nyanda za juu kusini, kama kwingine nchini, alikuwa kifua kikuu. Hapo ndipo historia ya mazoezi ya kupumua inapopinda.

Robert Koch alikitangaza kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, lakini dawa ya kukiua ilichelewa zaidi ya miaka 60. Katika pengo hilo Ulaya iliwapeleka wagonjwa milimani. Hermann Brehmer alikuwa amefungua nyumba ya wagonjwa wa mapafu huko Görbersdorf tangu miaka ya 1850, akiamini kwamba hewa ya mlimani na matembezi yaliyopimwa yanaponya. Wafuasi wake walibakiza hewa na kuacha matembezi: mgonjwa akalazwa kitandani, barazani, miezi na miaka, akiambiwa asijichoshe.

Kuna waliokataa. Charles Denison wa Denver, ambaye mwenyewe alikwenda Colorado kwa ajili ya kifua kikuu, alichapisha mwaka 1895 kitabu cha mazoezi kwa wagonjwa wa mapafu. Marcus Paterson naye, katika hospitali ya Frimley iliyofunguliwa mwaka 1905 chini ya hospitali ya Brompton ya London, aliwapandisha wagonjwa ngazi kwa ngazi: kwanza kutembea umbali mfupi, kisha kubeba vikapu vya udongo, kisha kushika koleo na kulima. Maelezo yake ya kisayansi kuhusu sababu za kufaulu yalikuwa na makosa, lakini kazi ile ya kupimwa iliwarudishia watu nguvu.

Tanganyika ilipata hospitali yake ya aina hiyo mwaka 1926, Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro. Mtu wa Tukuyu angelazimika kuvuka nusu ya nchi kuifikia. Kwa mgonjwa wa Rungwe, misheni ya Moravian iliyoanza Rungwe mwaka 1891 na zahanati za serikali ndizo zilikuwa karibu, nazo hazikuwa na la kufanya dhidi ya kifua kikuu zaidi ya chakula, mapumziko na maombi.

Kisha dawa zikaja, na zikaja kwa kishindo. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943. Miaka ya 1950 na 1960 hospitali za Afrika Mashariki zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kutafuta mchanganyiko wa dawa ambao nchi maskini ingeweza kuununua. Mwaka 1972 majaribio ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia: tiba ya miezi sita, badala ya mwaka na nusu, inaweza kutosha. Dunia nzima leo inameza matunda ya majaribio hayo, ingawa vitabu vya shule zetu havilitaji jambo hilo sana.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, Mcheki aliyewahi kufungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen na kuambukizwa kifua kikuu humo. Styblo alitaka mambo ya kawaida yafanywe bila kukosa: hadubini kila wilaya, makohozi yapimwe, dawa zisikatike, kila mgonjwa aandikwe na matokeo yake yahesabiwe. Mpango uliponyesha karibu wagonjwa wanane kati ya kumi wenye vijidudu kwenye makohozi, tena katika nchi yenye barabara za vumbi na uchumi uliokuwa umeyumba. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993 na kuanza kusambaza mkakati wa tiba chini ya uangalizi, mfano uliotazamwa ulikuwa Tanzania.

Ni mafanikio makubwa, na hayastahili kubezwa. Lakini daftari la Styblo lilikuwa na safu ya matokeo: amepona, amemaliza matibabu, amefariki, amepotea. Aliyeandikwa amepona alitoka mlangoni na daftari likafungwa. Halikuuliza anapumuaje. Kijidudu kilikuwa kimekufa. Pafu kilimokaa lilibaki na mashimo, makovu na njia za hewa zilizotanuka na kukusanya makohozi. Na kwa kuwa dawa zilikuwa zimeshinda, hospitali za matembezi na pumzi zilifungwa au zikageuzwa matumizi, na ujuzi wao ukatoweka pamoja nazo. Yale ya Paterson na MacMahon yalihamia kwa wagonjwa wengine katika nchi nyingine.

Yalihamia kwa wavuta sigara wa Ulaya na Marekani. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia madaktari wa huko walikuwa na kundi kubwa la watu ambao njia zao za hewa zilikuwa zimebana moja kwa moja, na ushauri uliozoeleka ulikuwa uleule wa zamani: pumzika, usijichoshe. Alvan Barach wa New York alianza kuupinga katika miaka ya 1950. Thomas Petty wa Denver, mji uleule wa Denison, aliwakusanya wagonjwa 182 katika mpango wa mafunzo ya kupumua, mazoezi na elimu, akachapisha matokeo mwaka 1969. Walikuwa wakitembea zaidi na kulazwa kidogo.

Petty aligundua kitu ambacho hospitali nyingi bado hazijakikubali. Mazoezi hayatengenezi pafu. Kipimo cha spirometa, chombo alichokibuni John Hutchinson mwaka 1846, kinaweza kusoma namba ileile kabla na baada. Kinachobadilika ni miguu, mabega, moyo na hofu. Mtu anayetweta huacha kutembea. Akiacha kutembea misuli ya miguu hunyauka. Misuli iliyonyauka hudai oksijeni nyingi kwa kazi ndogo. Kwa hiyo mtu hutweta mapema zaidi, na huacha hata kile kidogo alichokuwa akikifanya. Mazoezi huukata mzunguko huo.

Ushahidi ulirundikana mpaka mwaka 2015, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kupima ushahidi wa tiba, yalipokusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822 na wahariri wake wakasema hakuna haja tena ya jaribio jingine la kuuliza kama utengamao wa mapafu, yaani mafunzo ya mazoezi na elimu kama yale ya Petty, unafaa. Swali lililobaki lilikuwa nani atapewa. Wagonjwa wengi wa majaribio hayo walikuwa wa nchi tajiri, na karibu hakuna aliyekuwa ameumizwa na kifua kikuu.

Hapo Kampala ikaingia. Katika hospitali ya Mulago, kundi la Chuo Kikuu cha Makerere likiongozwa na Bruce Kirenga na Winceslaus Katagira, pamoja na daktari Mwingereza Rupert Jones, liliwaita watu waliokwisha kumaliza dawa za kifua kikuu lakini bado pumzi zinawakatika. Walifika mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Walitembea, walisimama na kukaa kwenye kiti, walinyanyua uzito mdogo, walifundishwa namna ya kupumua na namna ya kutoa makohozi, na walizungumza juu ya ugonjwa wao. Wakapimwa kwa jaribio la kutembea kati ya alama mbili, umbali wa mita kumi kwenda na kumi kurudi, mwendo ukiongezwa kidogokidogo kwa mlio. Jaribio hilo lilibuniwa na Sally Singh wa Leicester, akalichapisha mwaka 1992, na Singh mwenyewe baadaye alishirikiana na Makerere katika mradi wa utengamao wa mapafu kwa nchi zenye kipato kidogo.

Kabla ya mafunzo walitembea wastani wa karibu mita 300. Baada ya wiki sita walikaribia mita 380. Maumivu ya kifua yalipungua kwa baadhi yao, na maisha ya kila siku yakawa mepesi. Utafiti ulikuwa mdogo, wa watu wachache kuliko abiria wa basi moja la Mbeya, na haukuwa na kundi la kulinganisha. Msomaji mkali ana haki ya kusema kwamba baadhi yao wangepata nafuu hata bila mazoezi. Lakini mita 80 kwa mtu wa Tukuyu ni kutoka nyumbani hadi barabarani bila kusimama, na hakuna dawa ya kovu la pafu inayotoa kiasi hicho.

Wakati huohuo Mbeya, isiyo mbali na Tukuyu kwa barabara ya Uyole, ilianza kuuliza swali ambalo daftari la 1977 halikuliuliza. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilijiunga mwaka 2017 na mradi wa TB Sequel, pamoja na Johannesburg, Maputo na Gambia, kufuatilia watu baada ya tiba: mapafu yao yana hali gani, wanafanya kazi, wanapata kipato? Kusini ya mpaka, mjini Blantyre, watafiti waliwachunguza watu 405 waliomaliza dawa na kukuta sita kati ya kumi bado wana dalili za kifua, na zaidi ya wanne kati ya kumi wana njia za hewa zilizotanuka. Julai 2019 wataalamu walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, katika kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu maisha baada ya kifua kikuu. Mwaka 2021 makadirio yaliyochapishwa yalisema watu milioni 155 waliougua kifua kikuu tangu 1980 walikuwa bado hai. Mwaka huohuo viwango vya kwanza vya kitaalamu vikatolewa: kila anayemaliza dawa achunguzwe mapafu, na anayehitaji utengamao aupate.

NIMR ina kituo chake Tukuyu pia. Watafiti wanaijua Rungwe zaidi kwa ugonjwa wa usubi kuliko kwa mapafu, jambo linaloeleweka kwa wilaya yenye mito mingi hivyo. Lakini takwimu za mapafu zinaelekea kuikuta. Mwaka 2018 N'gweina Magitta wa chuo cha afya cha Mbeya na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa vijijini Tanzania: asilimia 17.5 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Karibu wote walikuwa wakipikia kuni au mkaa, na waliowahi kuugua kifua kikuu walionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mkakati huo utawaokoa watoto wa leo. Mama aliyepuliza moto kwa miaka 40 tayari ana mapafu aliyonayo, na yeye anahitaji kitu kingine.

Kitu hicho kikoje? Wengi wakisikia mazoezi ya kupumua hudhani ni kuvuta hewa nyingi. Kwa mapafu yaliyobana ni kinyume. Shida yao ni kutoa. Njia za hewa hufunga kabla pumzi haijatoka, hewa ya zamani inabaki ndani, kifua kinavimba na pumzi mpya inakosa nafasi. Kwa hiyo mgonjwa hufundishwa kuvuta hewa taratibu kwa pua, kisha kuitoa kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto, kwa muda mrefu mara mbili ya ule wa kuvuta. Shinikizo dogo linalobaki nyuma ya midomo huzuia njia zisifunge. Kasi ya kupumua hushuka, na hofu hushuka nayo. Mlimani hutumika hivi: vuta hewa ukiwa umesimama au kwenye hatua ya tambarare, itoe wakati wa kupanda. Pumzi ikikatika kabisa, mtu hukaa, huinama mbele kidogo na kuegemeza mikono kwenye magoti, ili misuli ya mabega isaidie mbavu.

Kwa wenye makohozi mengi, kama ilivyo kwa wengi waliopona kifua kikuu, kuna mbinu iliyoelezwa kwanza New Zealand mwaka 1968 na kunolewa na wataalamu wa tiba ya viungo wa Brompton, Jennifer Pryor na Barbara Webber, mwaka 1979. Mgonjwa hupumua kwa utulivu, kisha huvuta pumzi ndefu tatu au nne, halafu husukuma hewa nje kwa nguvu huku koo likiwa wazi, bila kukohoa. Makohozi hupanda bila kifua kuumizwa na kikohozi cha usiku kucha. Hurudiwa mpaka kifua kiwe chepesi.

Kupumua kwa tumbo, ambako husifiwa sana, si kwa kila mtu: kwa aliyevimba kifua kupita kiasi kunaweza kumwongezea kazi. Na mapitio ya Cochrane ya 2012 yalionyesha kwamba mazoezi ya kupumua peke yake huongeza umbali wa kutembea kwa makumi kadhaa ya mita, lakini hayaondoi kutweta kwa uhakika. Kinachobeba mzigo mkubwa ni kutembea. Pumzi ni ya kumwezesha mtu atembee. Kutembea ndiko kunakorudisha misuli. Anayekaa kitandani akipuliza midomo asubuhi na jioni, halafu asitoke nje, amefanya robo ya kazi.

Tanzania imefundisha wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa miongo kadhaa. Wengi wao wamefanya kazi na viungo vilivyovunjika, kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo, na hakuna anayeweza kuwalaumu, kwa maana wagonjwa hao huletwa na wale wa kifua hawaletwi. Mgonjwa wa kifua hupewa dawa na kuagizwa arudi nyumbani. Vifaa vya kumhudumia si vya kuomba wafadhili: korido ya mita kumi, alama mbili sakafuni, kiti imara, saa, kipimo cha oksijeni cha kuvalishwa kidoleni, na mtu aliyefundishwa kuviangalia. Hospitali ya wilaya ya Makandana ina korido. Shule ya msingi yoyote ya Katumba au Ushirika ina uwanja. Wafanyakazi wa afya ngazi ya jamii wanaofuatilia dawa za kifua kikuu nyumba kwa nyumba wanawajua kwa majina watu wanaotweta.

Uamuzi unaohitajika ni mdogo: siku mgonjwa anapomeza kidonge cha mwisho, asiandikwe tu kuwa amepona. Aulizwe anatembea umbali gani kabla ya kusimama, apimwe, na akiwa na shida apangiwe wiki sita za mazoezi kama zile za Mulago. Halmashauri za Rungwe na Busokelo zinaweza kuanza na kituo kimoja. Wakati huo mwenye ugonjwa sugu wa mapafu asiache dawa zake za kuvuta, na akipata maumivu mapya ya kifua au akikohoa damu asimamishe mazoezi na kwenda hospitali. Na anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asianze na mazoezi yoyote. Aanze na kipimo cha makohozi, ambacho katika vituo vya serikali ni bure, na dawa zake pia ni bure.